Chuma Kinachoshika Viwili: Paa, Reli na Usukani katika Nchi ya Korogwe na Handeni

Utangulizi

Kitabu cha miaka mia moja ya usharika huandika kwanza majina ya watu: waliohubiri, waliobatizwa, waliotoa mashamba yao ili nyumba ya ibada ipate mahali pa kusimama. Ndivyo inavyopasa. Hata hivyo, karne moja ya maisha ya Wakristo katika nchi ya Korogwe na Handeni ilibebwa pia na vitu ambavyo havikutajwa katika kumbukumbu za mkutano mkuu wowote. Kimojawapo ni kiungo, mara mti na mara chuma, ambacho kazi yake ni kushika vitu viwili vinavyotaka kuachana.

Juu ya vichwa vya waumini, kiungo hicho hukatiza kutoka ukuta hadi ukuta na kuzuia paa lisizisukume kuta nje. Chini ya gari lililowaleta kanisani, kiungo cha namna hiyo hukatiza kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia na kuyafanya yageuke pamoja. Mafundi wa magari hukiita tairodi, na waashi waliosoma vyuo vya ufundi hutumia jina hilo hilo kwa chuma cha kufungia kuta. Ni viungo vya chini, havipambwi wala havisifiwi. Lakini kikikatika kimoja, watu walio ndani ya nyumba au ndani ya gari wamo hatarini papo hapo. Kwa sababu hiyo historia yake inastahili kurasa chache katika kitabu hiki.

Msonge na nyumba ya pembe nne

Kabla ya reli na kabla ya bati, Wazigua na Wasambaa walijenga nyumba za msonge. Ukuta ulikuwa duara la miti iliyosimikwa ardhini; makombamoyo yaliinuka kutoka ukingoni na kukutana kileleni; juu yake ziliezekwa nyasi. Paa la namna hii lina tabia moja isiyoonekana kwa macho: uzito wake haushuki wima peke yake, bali huisukuma miguu ya makombamoyo kwenda nje. Wajenzi wa zamani hawakuiandika kanuni hiyo, lakini waliijua kwa mikono. Fito zilizofungwa kwa kamba kuzunguka paa, pete juu ya pete, ndizo zilizokuwa jibu. Kombamoyo moja likitaka kutoka, ufito hukaza, na msukumo wa upande huu hukutana na msukumo wa upande ule ndani ya pete ile ile. Kwa hiyo msonge haukuhitaji boriti ya kukatiza chumba. Nyumba nzima ilifungwa kama pipa lililovishwa mikanda.

Nyumba ya pembe nne, iliyopanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara na baadaye pamoja na shule na misheni, iliiacha pete hiyo. Ilikuwa na faida nyingi: ilipokea vitanda, meza na madirisha, na iliweza kurefushwa kadiri familia ilivyokua. Lakini mapaa yake mawili yaliegemeana mgongoni na kusukuma kuta mbili za urefu kwenda pande mbili, bila kitu cha kuzizunguka. Hapo ndipo ulipohitajika mti wa kulala kutoka ukuta hadi ukuta. Watu wa pwani waliupa jina la mtambaapanya, maana panya huutumia kama njia yao. Jina ni la mzaha, lakini kazi yenyewe si ya mzaha. Ukiondolewa, kuta huanza kuinama nje kidogo kidogo, na mgongo wa paa hushuka kwa kiasi kile kile.

Ukubwa wa msukumo huo unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Chukua makombamoyo mawili yanayokutana juu ya chumba chenye upana wa mita 8, kilele kikiwa mita 2 juu ya kuta. Kila kilo 1000 za uzito zilizoenea sawasawa juu ya jozi hiyo huzaa msukumo wa ulalo wa kilo 500 hivi katika kila mguu. Kilele kikishushwa hadi mita 1, msukumo huwa kilo 1000 kamili. Hivyo paa la mwinuko mdogo, ambalo huonekana jepesi na la kisasa, ndilo linalodai kiungo chenye nguvu zaidi. Paa lililochongoka la wazee lilisukuma kidogo.

Kanisa, kenchi na bati

Misheni ya Kiinjili iliyojulikana baadaye kwa jina la Bethel ilifika milima ya Usambara mwaka 1891 na kuanza kazi Mlalo. Vuga ikafuata mwaka 1895, na mwaka 1896 ikaanzishwa Lutindi, juu ya Korogwe, kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Baadaye Lutindi ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Pamoja na wachungaji walikuja mashemasi, na kazi ya ujenzi ilikwenda sambamba na kazi ya kufundisha. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa, mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, na vijana walijifunza useremala na uashi pamoja na kusoma.

Kanisa lilileta swali ambalo nyumba ya kuishi haikuwa nalo. Nyumba ya kuishi ina vyumba, na kuta za ndani huzifunga zile za nje. Kanisa ni chumba kimoja kirefu na kipana, kisicho na ukuta wa kati, ili kila mtu aione madhabahu na kumsikia mhubiri. Nguzo za katikati hupunguza upana wa paa, lakini huziba macho. Kwa hiyo mzigo wote hubaki kwa kenchi, yaani ile pembetatu ya mbao ambayo mguu wake wa chini ni boriti ya kufungia. Mafundi wa Tanzania wametumia neno kenchi kwa muda mrefu, nalo limetoka kwa mafundi wa Kihindi, ambao kwao ni mkasi. Jina linafaa, kwani makombamoyo mawili yasiyofungwa chini hufunguka kama mkasi.

Ulimwengu mpana ulikuwa umeshakutana na swali hilo kwa karne nyingi. Katika kanisa kuu la Hagia Sophia mjini Istanbul, lililokamilika mwaka 537, matao yalifungwa kwa viungo vya mbao na vya chuma. Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa Camille Polonceau alibuni kenchi ambayo mbao zake za juu husukumwa na fimbo zake nyembamba za chuma huvutwa. Stesheni nyingi za reli barani Ulaya ziliezekwa kwa njia hiyo. Hekima yake ni kwamba chuma chembamba kikisukumwa hupinda, lakini kikivutwa hunyooka na kushika. Fimbo ya chuma cha kawaida yenye kipenyo cha milimita 16, unene wa kidole tu, huweza kuvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 5 hivi kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Fundi mwangalifu hukiwekea mzigo mdogo zaidi ya huo, maana nyuzi zilizokatwa mwishoni kwa ajili ya nati hukipunguza unene.

Katika majengo ya kale ya mawe, ncha za vyuma hivyo hutokeza nje ya ukuta na kushikwa na kibao cha chuma cha mviringo, au chenye umbo la msalaba au la herufi S. Wapita njia hudhani ni pambo. Mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, vyuma vya namna hiyo vilitumika kurudisha kuta zilizokuwa zimeinama nje. Vilipitishwa kutoka ukuta hadi ukuta, vikapashwa moto vikarefuka, nati zikakazwa wakati vingali na moto, na vilipopoa vikajikunja na kuzivuta kuta ndani. Kazi ilirudiwa mara nyingi hadi kuta zikasimama wima. Tabia hiyo ya chuma haijabadilika: chuma cha mita 8 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa karibu milimita 3. Ndiyo sababu kiungo kilichofungwa mchana wa jua kali hukaza usiku, na kilichofungwa asubuhi ya baridi hulegea adhuhuri.

Bati lenye mikunjo, ambalo hati yake ya ubunifu ilitolewa kwa Henry Robinson Palmer wa London mwaka 1829, lilibadili hesabu za paa. Ni jepesi kuliko vigae na halishiki moto kama nyasi. Kwa makanisa mengi ya Usambara na Uzigua, siku ya kuondoa nyasi na kuweka bati ilikuwa siku ya sikukuu. Lakini wepesi huo ulileta adui mwingine. Paa la nyasi nzito halikuogopa sana upepo; paa la bati lisilofungwa chini huweza kuinuliwa pamoja na mbao zake. Tangu hapo fundi wa kanisa alipaswa kufunga mara mbili: kwa ulalo, kuta zisiachane, na kwa wima, paa lisiondoke juu ya kuta.

Reli na mataruma

Wakati makanisa ya kwanza yalipokuwa yakijengwa milimani, bondeni kulikuwa na kazi nyingine ya kushika viwili. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 ilifika Muheza, kisha fedha za kampuni zikaisha, na Serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi hiyo mwaka 1899. Mwaka 1902 treni iliingia Korogwe, mwaka 1905 ikafika Mombo, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Moshi.

Gari la moshi halina tairodi. Magurudumu yake mawili yamekazwa katika ekseli moja, na anayeligeuza si dereva bali ni reli yenyewe. Lakini kwa hiyo hiyo, wajibu wa kushika huhamia ardhini. Reli mbili zilizoachana kwa mita moja husukumwa nje na kila treni inayopinda, na kinachozishika ni mataruma. Zikiachana kidogo, gurudumu huanguka katikati. Kwa sababu ya mchwa, reli za Wajerumani katika Afrika Mashariki zilitumia kwa wingi mataruma ya chuma, na wafanyakazi waliotembea juu ya njia kila siku wakikagua vifungo vyake walikuwa walinzi wa kwanza wa kulipwa mshahara kwa kazi hiyo katika bonde la Korogwe.

Handeni haikupata reli ya kudumu. Nchi yake ya tambarare ilikuwa na mbung'o, hivyo ng'ombe wa kukokota hawakuishi, na mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Wakati wa vita Wajerumani walitandika reli nyembamba ya matoroli kutoka Mombo hadi Handeni ili kusafirisha vyakula na zana kuelekea kusini. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteka Mombo, Korogwe na Handeni kwa kufuatana. Pamoja na majeshi hayo yalikuja magari ya mota.

Hapa inafaa kukumbuka pia mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo mashamba yalienea kuizunguka Tanga, Muheza na Korogwe. Katika mashamba hayo reli ndogo za matoroli zilibeba majani kutoka shambani hadi korona. Vijana wengi, wenyeji na manamba kutoka mbali, walijifunza huko kwa mara ya kwanza kushika spana, kupima nafasi ya reli na kukaza nati.

Kutoka ekseli moja hadi magurudumu mawili

Mkokoteni wa farasi wa zamani uligeuka kwa njia rahisi: ekseli nzima ya mbele ilizunguka juu ya pini moja ya katikati. Magurudumu mawili yalikuwa kitu kimoja, kwa hiyo hayakuhitaji kiungo. Lakini ekseli hiyo ilipogeuka sana, gurudumu moja liliingia chini ya mkokoteni na chombo kikakosa msingi, kikapinduka. Mwaka 1816 Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi mjini Munich, alibuni njia nyingine: ekseli ikae imara, na kila gurudumu ligeuke juu ya pini yake. Wakala wake Rudolph Ackermann aliandikisha ubunifu huo Uingereza mwaka 1818, na kwa hiyo umebeba jina la wakala kuliko la mbuni.

Ilikuwa ni hadithi ile ile ya msonge na nyumba ya pembe nne. Kilichokuwa kimoja kiligawanywa kuwa viwili kwa faida kubwa, na papo hapo kikahitajika kiungo. Bila fimbo ya kuyaunganisha, gurudumu la kushoto lingeweza kuelekea Handeni na la kulia Mombo.

Tena haikutosha yageuke sawa. Gari likipinda, gurudumu la ndani hupita duara dogo na la nje duara kubwa. Kwa gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3 na pini zake za mbele mita 1 na nusu, gurudumu la ndani likizunguka kitovu kilicho mita 6 kando lazima ligeuke nyuzi 27 hivi, na la nje nyuzi 22. Siri ya kupata tofauti hiyo ni kuielekeza mikono ya magurudumu ndani kidogo, ili fimbo inayoiunganisha nyuma ya ekseli iwe fupi kuliko nafasi kati ya pini mbili. Mfaransa Charles Jeantaud aliiendeleza kanuni hiyo mwaka 1878, na magari ya mota yalipotokea yaliirithi.

Tairodi ya gari hutofautiana na chuma cha kanisani kwa jambo moja kubwa. Chuma cha kanisani huvutwa tu. Tairodi huvutwa na kusukumwa, mara hii kushoto, mara hii kulia, mara elfu nyingi katika safari moja. Kwa hiyo haiwezi kuwa fimbo nyembamba; huwa bomba au chuma kinene, na mwisho wake kuna kiungo cha mpira wa chuma ndani ya kikombe chenye grisi, kilichofunikwa ngozi ya mpira ili vumbi lisiingie. Hata hivyo viwili hivyo ni ndugu. Vyote huweza kurefushwa au kufupishwa kwa nyuzi za nati zinazokwenda kinyume, za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili. Fundi akizungusha sehemu ya kati, ncha zote mbili huingia au kutoka kwa pamoja.

Malori, Land Rover na miaka ya uhaba

Katika koloni la Wajerumani gari la mota lilikuwa ajabu. Mwaka 1907 Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari kwenda pwani ya magharibi ya Afrika, na safari ikamchukua hadi mwaka 1909. Chini ya Waingereza malori yalizidi, na baada ya Land Rover kutokea mwaka 1948, gari hilo likawa la serikali, la hospitali na la misheni. Njia kati ya Korogwe na Handeni ilikuwa ya udongo na changarawe: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa masika. Hakuna kitu kinachoila tairodi kama vumbi laini likichanganyika na grisi. Hugeuka msasa na kusaga chuma kwa chuma.

Mwaka 1963, siku ya 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kazi ya Usambara na maeneo yake ikaendelea kuwa dayosisi, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Mwaka huo huo reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa, na Korogwe ikapata njia ya treni hadi Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na katika miaka ya 1970 watu wa Handeni walihamia vijiji vipya. Katika vijiji hivyo ibada zilianzia chini ya miti, kisha katika mabanda ya miti na udongo, kisha katika matofali. Kila hatua iliongeza upana wa paa, na kila hatua ilidai fundi anayejua kufunga.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni viliondoa vipuri madukani. Gari lililokufa kwa kukosa kiungo kimoja lilikaa juu ya mawe miezi mingi. Mafundi wa enzi hizo waliponya magari kwa ujuzi mkubwa: walichonga, walichomelea, walihamisha kipuri kutoka gari lililokufa kwenda lililo hai. Sifa yao ni ya haki. Lakini katika jambo la usukani uhaba ulifundisha pia desturi mbaya, nazo zilidumu baada ya uhaba kwisha: msumari mahali pa pini ya kufungia nati, waya mahali pa msumari, na tairodi iliyopinda kupashwa moto na kunyooshwa kwa nyundo. Moto ulioziponya kuta za Paris hauponyi tairodi. Chuma cha usukani kimepikwa kiwandani kiwe kigumu. Kikipashwa moto wa gereji hupoteza ugumu huo, na hakuna anayeweza kuona kwa macho kiasi kilichopotea.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na magari yaliyotumika, hasa ya Kijapani, yakaanza kuongezeka. Vipuri vilirudi, vizuri na vibaya pamoja.

Barabara ya lami

Mwezi Agosti 2017 Rais John Magufuli aliizindua barabara ya lami iliyounganisha Korogwe, Handeni na Mkata. Safari ya kilomita zaidi ya 60 kutoka Korogwe hadi Handeni, iliyokuwa ya kutwa wakati wa mvua, ikawa ya saa moja. Treni ya abiria, ambayo ilikuwa imekoma katika reli ya kaskazini tangu miaka ya 1990, ilirudi hadi Moshi mwezi Desemba 2019, ikipita tena Korogwe.

Lami ilipunguza vumbi na mashimo, lakini iliongeza mwendo. Kiungo kilicholegea ambacho kwenye changarawe kilimtingisha dereva mikononi na kumwonya, kwenye lami laini hunyamaza mpaka gari liwe katika mwendo mkali. Kuna ishara nyingine ambayo haidanganyi, nayo ni tairi. Gurudumu likikosa mwelekeo wake kwa nyuzi moja tu, huburutwa kando kwa mita 17 hivi katika kila kilomita. Kutoka Korogwe hadi Handeni tairi hilo litakuwa limeburutwa ubavu kwa zaidi ya kilomita moja. Tairi lililoliwa upande mmoja ni barua iliyoandikwa na tairodi, na mwenye gari anayenunua tairi jipya bila kuisoma barua hiyo atanunua tena.

Wajibu wa walio hai

Historia hii ina fundisho kwa mabaraza ya wazee na kamati za majengo. Makanisa yaliyojengwa na kizazi kilichotangulia sasa yanapanuliwa, yanawekewa dari, feni na vipaza sauti. Mara nyingine boriti ya kufungia huonekana kama kizuizi: inaziba msalaba, au inashusha dari. Hushauriwa ikatwe, na kwa kuwa jengo halianguki siku hiyo, hudhaniwa kwamba haikuwa na kazi. Kuta huinama polepole. Ufa wa ulalo karibu na pembe, mgongo wa paa uliobonyea katikati, pengo jembamba kati ya dari na ukuta: hizi ndizo dalili za kwanza. Boriti isikatwe kabla mhandisi hajaweka kiungo kingine mahali pake, na ncha zake, zinapoingia ukutani, zichunguzwe kila mwaka baada ya masika, kwa maana hapo ndipo mchwa, kuoza na kutu hukutana gizani.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Lilikuwa jumba la fahari kuliko yote ya Mji Mkongwe, lenye nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo. Umaarufu wake haukuliokoa. Kama jumba lile liliweza kuanguka, hakuna kanisa la kijijini lenye haki ya kujiona salama kwa sababu tu limesimama miaka mingi.

Kwa upande wa magari, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani, na askari wa usalama barabarani hukagua. Lakini ukaguzi wa barabarani hauwezi kuchukua nafasi ya wa nyumbani. Kabla kwaya haijapanda gari kwenda tamasha, kabla basi la mazishi halijaondoka, watu wawili wanatosha: mmoja autikise usukani kushoto na kulia, mwingine aviangalie viungo vya tairodi chini. Kiungo kikicheza kabla gurudumu halijasogea, kimechoka. Kifuniko cha mpira kikiwa kimechanika, vumbi limeshaingia. Nati isiyo na pini yake ni nati inayosubiri kutoka. Kazi hiyo huchukua dakika tano, nayo si dharau kwa dereva. Ni heshima kwa waliomo ndani.

Hitimisho

Katika miaka mia moja nyumba ya duara ikawa ya pembe nne, mpagazi akafuatwa na treni, na treni ikafuatwa na lori na basi. Kila mabadiliko yaligawa kilichokuwa kimoja kuwa viwili, na kila mara palihitajika kiungo kipya na mtu wa kukitunza. Mfunga fito wa Uzigua, mkaguzi wa mataruma wa Korogwe, seremala wa kenchi na fundi wa gereji walifanya kazi moja kwa zana mbalimbali. Majina ya wengi wao hayakuandikwa. Makanisa ambayo kuta zake zimesimama wima na wasafiri waliofika nyumbani salama ndiyo kumbukumbu yao, na watakaoanza karne ya pili wamekabidhiwa spana zile zile.